Nani Anamwelekeza Nani? Viungo vya Tovuti na Kuonekana kwa Asasi za Nakivale katika Injini za Utafutaji

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna injini za utafutaji zinavyoamua ukurasa upi utangulie katika matokeo, kisha yanaihusisha mantiki hiyo na hali ya asasi zinazoendeshwa na wakimbizi katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba asasi hizo hazikwamishwi na upungufu wa ufundi pekee. Zinakosa viungo, kwa kuwa taasisi zenye uzito mtandaoni mara nyingi huandika kuhusu Nakivale bila kuwaelekeza wasomaji wao kwa watu wa Nakivale wenyewe. Makala yanaeleza pia kwa nini ununuzi wa viungo hauzibi pengo hilo, kwa nini maneno ya ofisi hayakutani na maneno ya watafutaji wa Kiswahili, na hatari inayoachwa na tovuti ya mradi uliokwisha.

Maneno muhimu: injini ya utafutaji, kiungo, kikoa, Nakivale, Kiswahili

1. Utangulizi

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni safari ya kilomita zipatazo 50, kupitia vilima na mashamba ya ndizi ya Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara katikati ya miaka ya 2000. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na yanahesabiwa miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 185, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, linakaliwa na watu zaidi ya 100,000 waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kusafiri ndani ya nchi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014, uliofanyika Kampala, Nakivale na Kyangwali, ulionyesha kwamba uchumi wa wakimbizi hao umefungamana na masoko ya Uganda na hata ya nje ya nchi. Nakivale, kwa hiyo, ina mafundi, wafanyabiashara, walimu na vikundi vya kijamii wenye sababu halisi ya kutaka kuonekana na watu walio mbali.

Kiswahili kina nafasi ya pekee hapo. Mkongomani wa Kivu, Mrundi, na Msomali aliyewahi kuishi Kenya wanapokutana sokoni, ndicho mara nyingi kinachowaunganisha. Nacho kina hadhi ya kisheria: marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu matumizi yake rasmi. Hata hivyo, lugha inayokadiriwa na UNESCO kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200 haifikii asilimia 0.1 ya tovuti zote kwa hesabu za W3Techs. Uhaba huo haujaanza kuonekana leo. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliona haja ya kuanzisha shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili.

Swali la makala haya ni nani humjibu mtu anayeandika neno Nakivale, pamoja na haja yake, katika kisanduku cha utafutaji. Mtu huyo anaweza kuwa mteja wa Mbarara anayemtafuta mshonaji, mfadhili anayetafuta kikundi cha kushirikiana nacho, au mama aliyewasili juzi kutoka Kivu anayetaka kujua pa kujiandikisha. Kwa wote watatu jibu hupangwa na mashine, na mashine hiyo ina kanuni zinazoeleweka.

2. Namna injini inavyoupima ukurasa

Injini ya utafutaji haiupekui mtandao mzima kila anapouliza mtu. Inapekua faharasa yake yenyewe, iliyojengwa mapema na roboti zinazotambaa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo. Ukurasa usioelekezewa na kiungo chochote, wala kutajwa katika ramani ya tovuti iliyokabidhiwa injini, unaweza kuwapo kwenye seva kwa miaka mingi bila kuingia katika faharasa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kiungo: ni njia ya kufikika. Kazi ya pili ni nzito zaidi, kwani kiungo huhesabiwa pia kuwa ushahidi.

Wazo hilo lina asili ya kitaaluma ambayo wasomaji wa kumbukumbu za makongamano wataitambua haraka. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza kuwapo kwa faharasa ya marejeo ya kisayansi, na mwaka 1964 akaanza kuichapisha. Makala inayorejelewa na wengi ilichukuliwa kuwa na uzito kuliko isiyorejelewa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, waliihamishia mantiki hiyo kwenye mtandao kwa kanuni waliyoiita PageRank. Walichoongeza ni kwamba marejeo hayalingani. Kiungo kutoka ukurasa wenye uzito kina thamani kubwa kuliko kiungo kutoka ukurasa usiojulikana, na uzito wa ukurasa hugawanywa kwa viungo vyote vinavyotoka humo.

Hesabu yake si ngumu. Ichukuliwe kwamba ukurasa wa shirika moja una uzito wa 60 na unaelekeza kwenye kurasa tatu tu. Kila moja hupata 20. Ikizidishwa kwa 0.85, kipimo ambacho Page na Brin walikitumia kumwakilisha msomaji anayechoka na kuacha kufuata viungo, hubaki 17. Shirika hilohilo likiweka badala yake orodha ya washirika 40, kila mshirika ataambulia takribani 1.3. Ndiyo maana aya moja inayoieleza kazi ya kikundi fulani na kukiwekea kiungo huweza kukisaidia kuliko nafasi yake katika orodha ndefu ya nembo chini ya ukurasa. Google imeongeza vigezo vingi tangu wakati huo, na haitangazi uzito wa kila kimoja, lakini imeendelea kukiri kwamba viungo vimo.

Maneno yanayobeba kiungo nayo husomwa. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hakiiambii injini chochote kuhusu kinakoelekea. Kilichoandikwa "ushirika wa washonaji wa Base Camp, Nakivale" kinaeleza mahali, kazi na wahusika. Mwandishi wa ripoti anaweza kuandika vizuri au vibaya hapo kwa gharama ileile ya sekunde chache. Kwa uzembe huo mdogo, ukurasa unaostahili hunyimwa ushahidi uliokuwa tayari mkononi.

3. Kutajwa bila kuelekezewa

Makazi ya Nakivale yameandikwa sana. Yamo katika ripoti za Umoja wa Mataifa, tasnifu za vyuo vikuu, taarifa za Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi nchini Uganda, na habari za magazeti ya kimataifa. Mtu anayelitafuta jina hilo hakosi cha kusoma. Anachokosa kwa urahisi ni sauti ya walioko huko, na sababu kubwa imo katika namna maandishi hayo yanavyotengenezwa.

Ripoti ya kawaida ya mradi ni faili la PDF. Injini huweza kulisoma faili hilo, na kiungo hai kilichomo ndani yake hufuatwa. Lakini jina la kikundi likiandikwa kama maandishi matupu, au likionekana kama nembo kwenye picha, hakuna njia inayofunguka. Msomaji makini anaweza kulinakili jina na kulitafuta. Roboti haina kiungo cha kufuata, na kikundi hakipati sehemu yake ya ule uzito wa 60. Nyaraka iliyochapwa, ikapigwa muhuri na kuchanganuliwa kama picha ina hali mbaya zaidi, kwa kuwa usomaji wa maandishi yake hutegemea ubora wa picha yenyewe. Ni haki kuongeza kwamba wanataaluma wa Kiswahili nao wamo katika kosa hili. Kumbukumbu nyingi za makongamano huwekwa mtandaoni kama faili moja zito la kurasa mamia, bila ukurasa wa kila makala na bila viungo. Halafu waandishi wake hulalamika kwamba Kiswahili hakionekani.

Upande wa asasi zenyewe kuna kikwazo kingine. Kikundi kidogo huanza pale palipo rahisi: ukurasa wa Facebook, kundi la WhatsApp. Kundi la WhatsApp ni nyumba iliyofungwa, roboti haliingii. Facebook imezuiwa nchini Uganda tangu Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, na anayetaka kuifungua analazimika kupitia programu ya VPN. Sehemu kubwa ya yaliyomo humo hudai pia kwamba msomaji awe na akaunti. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nayo hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018. Kikundi cha Nakivale kilichoweka kumbukumbu zake zote Facebook kimezificha, bila kukusudia, kwa jirani yake wa Mbarara.

Tovuti yake yenyewe ingelitatua hilo, lakini kumiliki tovuti kunataka jina la kikoa, na jina la kikoa hulipiwa kila mwaka, mara nyingi kwa kadi ya benki. Mkimbizi asiye na kadi humwomba mtu mwenye nayo: mfanyakazi wa kujitolea, rafiki aliyeko ng'ambo, afisa wa mradi. Jina husajiliwa kwa anwani ya huyo mwenye kadi. Hata umiliki wa laini ya simu, ambayo huhitajika kurejesha nywila iliyosahauliwa, ulikuwa mgumu kwa wakimbizi wengi wa Uganda hadi Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ilipoagiza kwamba vitambulisho vya wakimbizi na barua za uthibitisho zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu vikubaliwe katika usajili wa laini. Mambo haya huonekana ya kiutawala na madogo, mpaka siku mwenye kadi anapohama.

4. Soko la viungo na mtego wake

Palipo na kipimo huzuka biashara ya kukichezea. Mmiliki yeyote wa tovuti, awe Mbarara au Mombasa, hupokea barua pepe zinazomwahidi mamia ya viungo kwa malipo kidogo. Viungo hivyo hutoka kwenye tovuti zilizoundwa kwa kazi hiyo tu, zikielekezana kama watu wanaoshuhudiana kortini kwa zamu. Google huhesabu ununuzi na uuzaji wa viungo kwa nia ya kupanda daraja kuwa ukiukaji wa kanuni zake. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa linatangulia katika matokeo ya bidhaa nyingi kwa msaada wa maelfu ya viungo vya kulipiwa. Nafasi zake ziliporomoka mara tu Google ilipochukua hatua. Aprili 2012 likaja sasisho lililopewa jina la Penguin, lililolenga udanganyifu wa aina hiyo kwa jumla, na mwaka 2016 likaunganishwa na mfumo mkuu wa upangaji.

Duka kubwa lililoanguka lina wanasheria, mafundi na fedha za kujirudisha. Kikundi cha vijana wa Juru kilichotumia akiba yake kununua kifurushi cha viungo hakina hata mtu wa kukieleza kilichotokea. Siku hizi injini mara nyingi huvipuuza tu viungo vya aina hiyo bila kumwadhibu mwenye tovuti, na hapo fedha hupotea kimyakimya, jambo linalomfanya mwathirika aamini kwamba alinunua vichache mno.

Lipo pia kundi la viungo halali visivyohesabiwa kikamilifu. Tangu mwaka 2005 mwenye tovuti anaweza kuweka katika kiungo alama inayoiambia injini kwamba yeye hakidhamini. Wikipedia imeiweka alama hiyo kwenye viungo vyake vyote vya nje tangu mwaka 2007. Kwa hiyo anayeandika makala ya Wikipedia ili tovuti yake ipande daraja anapoteza muda. Anayeandika makala ya kweli kuhusu Isingiro, Oruchinga au Ziwa Nakivale katika Wikipedia ya Kiswahili anafanya jambo lenye faida nyingine: anaipa injini maelezo ya mahali hapo kwa lugha ambayo haina maelezo mengi, na wasomaji halisi hukifuata kiungo hata kama mashine haikihesabu.

Viungo vyenye thamani hupatikana kwa njia ya polepole zaidi. Kikundi hutengeneza kitu ambacho wengine wanakihitaji, kisha huwaomba watu mahususi wakielekezee. Mfano mmoja unatosha. Kikundi cha wakalimani wa Nakivale kikiweka hadharani orodha ya maneno ya afya katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali na Kiamhara, wauguzi, waandishi wa tasnifu na mashirika ya misaada watakuwa na sababu ya kukirejelea bila kulipwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na chenye mafunzo ya udaktari, kiko karibu kiasi cha kufanya kazi hiyo pamoja nao. Kiungo kimoja kutoka kikoa cha chuo kikuu, kikiwa ndani ya aya inayoeleza kazi hiyo, huweza kushinda mamia ya viungo vya dukani.

5. Maneno ya ofisi na maneno ya watafutaji

Uzito wa viungo hausaidii ikiwa ukurasa hauna maneno anayoyaandika mtafutaji. Hapa suala la Kiswahili cha Nakivale linahitaji uangalifu kuliko ushauri wa kawaida unaotolewa kwa wenye tovuti, ambao huchukulia kwamba lugha ni moja na maneno yake yanajulikana.

Mshonaji aliyetoka Kivu anauza vikwembe. Mteja wa Mbarara au wa Dar es Salaam anatafuta vitenge. Kitambaa ni kilekile, na kwa masikio ya pwani neno la kwanza huleta picha ya nguo kuukuu, picha ambayo hakuna muuzaji angeitaka. Daktari ni munganga, fedha ni feza, na aendaye shule huenda masomo. Uwezo wa injini kutambua visawe umekua tangu Google ilipoanza kutumia mfumo wa BERT mwaka 2019, lakini mifumo hiyo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya Kiswahili cha Kongo ni machache hata ukilinganisha na uhaba wa Kiswahili kwa jumla. Mwandishi wa ukurasa anafanya vyema kuyatumia maneno yote mawili katika sentensi za kawaida: "tunashona vitenge, ambavyo Wakongomani huviita vikwembe". Kuyarundika maneno mwishoni mwa ukurasa ili kuidanganya mashine ni desturi ya zamani ambayo injini zimekwisha kujifunza kuitambua.

Msimbo wa lugha nao una utata wake. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, kando ya swh, na vyote viwili viko chini ya swa. Lakini alama ambayo Google huitumia kutambua matoleo ya lugha ya ukurasa mmoja hukubali misimbo ya herufi mbili, ikiongezewa nchi. Kwa hiyo ukurasa uliolengwa kwa Wakongomani hutambulishwa kwa sw-CD, na wa Uganda kwa sw-UG. Tovuti yenye toleo la Kiingereza na la Kiswahili isiyoweka alama hizo huenda ikamwonyesha mtafutaji wa Kiswahili toleo la Kiingereza, kwa kuwa ndilo lililokusanya viungo vyote.

Madhara yake ni makubwa kuliko mauzo ya vitambaa. Mtu anayetaka habari za kuhamishiwa nchi ya tatu haandiki istilahi ya ofisini. Huandika maneno kama "kwenda Amerika", pengine pamoja na jina la makazi yake. Ikiwa kurasa za taasisi zenye dhamana zimeandikwa kwa Kiingereza tu, au kwa Kiswahili cha tafsiri ambacho hakuna anayekitafuta, nafasi ya kwanza inabaki wazi kwa yeyote aliyeyaandika maneno hayo, hata tapeli. UNHCR hurudia kutangaza kwamba huduma zake zote hutolewa bure, ikiwamo ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Tangazo hilo humfaa mtu pale tu linapomfikia kabla hajalipa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, maswali ya aina hiyo yalikuwa na uzito wa maisha ya watu waliokwisha kuuza vitu vyao wakisubiri ndege.

Taasisi hazihitaji kubahatisha maneno ya watu. Uganda ina simu ya bure ya wakimbizi, FRRM, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya maswali na malalamiko. Maswali yanayopokelewa huko, yakiondolewa taarifa zote za waulizaji, ni hazina ya msamiati halisi. Swali linaloulizwa mara nyingi likiandikwa kama kichwa cha ukurasa, kwa maneno ya waulizaji wenyewe, na likajibiwa hapohapo kwa aya mbili za maandishi mepesi, injini hulielewa na simu ndogo hulifungua. Wepesi huo haupaswi kudharauliwa. Tangu mwaka 2023 Google imekamilisha zoezi la kuzifaharasisha tovuti kwa kutazama toleo lake la simu ya mkononi, na tangazo lililowekwa kama picha ya bango haliliwi bando tu, bali pia humwachia roboti kazi ya kukisia maandishi yaliyomo.

6. Tovuti ya mradi uliokwisha

Miradi ya makazi ya wakimbizi huishi miaka miwili au mitatu. Tovuti zake hukusanya viungo katika muda huo, kutoka kwa wafadhili, magazeti na vyuo, kisha bajeti hufungwa na jina la kikoa hukosa wa kulilipia. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kupotea huko kuna pande mbili. Yaliyoandikwa hutoweka, na viungo vilivyotoka humo kwenda kwa wengine hufa navyo.

Februari 2025 ulimwengu wa misaada ulilishuhudia jambo hili kwa kiwango kisicho cha kawaida. Tovuti ya usaid.gov ilifungwa, pamoja na kurasa zilizoeleza kazi za shirika hilo katika nchi nyingi. Asasi yoyote ya Afrika Mashariki iliyokuwa imetajwa na kuelekezewa kutoka kwenye kurasa hizo ilipoteza ushahidi huo bila kufanya kosa lolote. Nakala zilizohifadhiwa na Internet Archive humsaidia mtafiti kusoma yaliyokuwapo, lakini haziurudishi uzito ule katika upangaji wa matokeo.

Kikoa kilichoachwa hakibaki tupu. Wapo wafanyabiashara wanaoyavizia majina yanayomaliza muda wake, hasa yaliyowahi kuwa ya mashirika ya hisani, kwa sababu viungo vya zamani vinaendelea kuyaelekea. Jina hununuliwa, likawekwa matangazo ya kamari au ya dawa, nayo yakafaidi imani iliyojengwa na wengine. Machi 2024 Google ilikitangaza kitendo hicho kuwa ukiukaji wa kanuni zake, na miongoni mwa mifano iliyotoa ni bidhaa za tiba zinazouzwa katika tovuti iliyokuwa ya shirika la hisani la afya. Kanuni hiyo inaihusu injini moja. Haimzuii mkimbizi mwenye karatasi ya zamani yenye anwani ya mradi kuiandika anwani hiyo katika simu yake na kumkuta mtu mwingine kabisa akimwomba namba zake.

7. Yaliyo katika uwezo wa washauri wa sera

Hatua ya kwanza haina gharama. Kila taasisi inayochapisha kuhusu Nakivale inaweza kuweka kanuni ya uhariri kwamba asasi inayotajwa kwa jina, na yenye ukurasa wake, iwekewe kiungo hai ndani ya aya, kwa maneno yanayoeleza inachofanya. Kanuni hiyo ihusu ripoti za PDF pamoja na kurasa za kawaida, isipokuwa pale ambapo kuitaja asasi kungewahatarisha watu wake. Kwa wakimbizi suala hilo si la kinadharia, na asasi yenyewe ndiyo inayopaswa kuulizwa.

Kwa vikundi visivyo na uwezo wa kulipia jina la kikoa, chuo kikuu au halmashauri ya wilaya inaweza kutoa nafasi chini ya kikoa chake chenye kuishia ac.ug au go.ug. Utaratibu huu una kasoro yake: kikundi hubaki mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadili sera. Hata hivyo kurasa za mpangaji huzaliwa katika kikoa kinachojulikana, ilhali jina jipya lililonunuliwa jana huanza bila kiungo hata kimoja. Asasi zenye uhakika wa fedha zinafaa kushauriwa zimiliki jina lao, na zile changa zianzie kwa mwenyeji.

Jambo la mwisho linahusu mikataba ya ufadhili. Kifungu cha makabidhiano ya mali hutaja pikipiki, kompyuta na viti. Ni nadra kutaja jina la kikoa, akaunti ya msajili na nywila yake, nakala kamili ya maudhui, na namba ya simu ya kuirejesha akaunti. Vitu hivyo vikiingizwa katika orodha hiyo, asasi ya wenyeji inaweza kuirithi tovuti pamoja na viungo vyake vyote, ambavyo ni mali iliyochukua miaka kukusanywa. Kwa majina yanayoishia .org, kanuni zinaruhusu usajili wa hadi miaka 10 kwa mara moja. Ada hiyo inaweza kulipwa mwanzoni mwa mradi, katika bajeti ileile inayonunua viti, na jina likaandikwa tangu siku hiyo kwa asasi itakayobaki Nakivale.